Mzigo Uliokataliwa

Mwalimu Rozalia hakuja kwa kelele. Alifika sokoni Ujiji Jumamosi saa nne asubuhi, amevaa gauni lake la kanisani, akawapita wauza dagaa na wauza mihogo, akasimama mbele ya meza ya Fatu. Nyuma yake alikuja mdogo wake, Thobias, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Mkononi Rozalia alishika kontena dogo la plastiki lenye zabibu nyekundu. Nusu yake ilikuwa imeshaliwa.

"Mwakeye, mama Shadia."

"Mwakeye, mwalimu. Mzee anaendeleaje?"

Fatu aliuliza kwa moyo safi. Alhamisi yeye mwenyewe ndiye aliyemchagulia Rozalia kontena lile. Mzee Telesphory, baba yake Rozalia, alikuwa ametoka kuugua malaria, chakula kimemshinda, akatamani kitu cha baridi kinachoteleza kooni. Rozalia alitoa shilingi elfu saba bila kuomba apunguziwe. Fatu akamwongezea kichala kidogo juu, zawadi kwa mgonjwa.

"Mzee amelazwa tangu juzi," alisema Rozalia. "Alikula hizi, hata saa nzima haikupita akaanza kutokwa jasho na mate. Akatapika. Mwili ukawa unamtetemeka. Daktari anasema ni sumu, sumu ya shambani. Akatuuliza, mzee kala nini? Chakula tulikula wote sufuria moja. Hizi alikula peke yake."

"Mliziosha?"

Swali lilimtoka Fatu kabla hajalifikiri. Thobias akapaza sauti: "Unamsikia? Sasa kosa ni letu, hatukuosha!"

"Niliziosha mara tatu, mara ya mwisho kwa maji ya chumvi," Rozalia alijibu, bado kwa upole. "Sikuja kugombana, mama Shadia. Nimekuja kukuomba usiuze zilizobaki mpaka watu wa afya wazione. Na uniambie umezitoa wapi. Basi."

Lilikuwa ombi la haki, lakini lilisemwa mbele ya soko zima. Wauza nyanya walishanyoosha shingo. Mama mmoja aliyekuwa akichagua zabibu palepale alirudisha kichala mezani polepole, akajifuta vidole kwenye kanga yake, kimoja baada ya kingine. Kule kujifuta kulimchoma Fatu kuliko maneno yote ya Thobias. Miaka kumi na moja alikuwa kwenye meza ile. Embe lililoanza kulainika aliwatupia kuku wa jirani. Leo mtu anajifuta vidole kwa kugusa bidhaa yake.

"Mimi siuzi sumu," alisema. "Mzigo huu ananiletea ndugu yangu wa tumbo moja. Si mtu wa barabarani."

Na kama aliyeitwa, ndugu yake akatokea. Hamdani alishuka kwenye bajaji iliyobeba maboksi mawili ya machungwa. Alikuwa mdogo wa Fatu kwa miaka sita, mfanyabiashara mwenye stoo yake Kibirizi, karibu na boti zinapotia nanga. Matunda ya ng'ambo, yale yanayopanda na mizigo kutoka kusini ya ziwa, mengi yalipita mikononi mwake. Zabibu hizi hazikuwa za Dodoma. Zilikuwa kubwa, hazina kokwa, na hapo Ujiji hakuna mwingine aliyekuwa nazo.

"Huyu hapa mwenyewe!" Fatu alisema, na roho ikamtulia. "Hamdani, waambie hawa watu zabibu zako zikoje."

Hamdani alitazama kontena mkononi mwa Rozalia, akatazama meza, akatazama watu. "Zabibu zina nini?"

Walimweleza. Alisikiliza huku akizungusha funguo kidoleni. Mwisho akasema, "Mzee ana umri gani? Sabini na ngapi? Mtu katoka malaria, tumbo halina kitu. Chochote kingemsumbua."

"Basi kula wewe!" Thobias alisema. "Kula mbele yetu, tuamini."

Hamdani akatabasamu, akaweka mkono kifuani. "Ndugu yangu, nimefunga. Nalipa siku zangu za Ramadhani."

"Amefunga," Fatu alirudia kwa sauti, kwa fahari kabisa, kama anayemtetea mtoto wake shuleni. "Mtu amefunga mnataka afungue kwa ajili ya maneno yenu? Nitakula mimi."

"Dada, usijishushe," alisema Hamdani. "Waache waende."

"Waende wakisema nini huko?"

Alichukua kichala kilichokuwa juu kabisa, akakisuuza kwa maji ya chupa, akaanza kula. Alikula amesimama, akimtazama Thobias usoni, punje baada ya punje. Zilikuwa tamu. Hilo lilimshangaza, maana wiki mbili nzima aliziuza bila kuzionja. Kontena moja lilikuwa sawa na kilo mbili na ushee za mchele, na hakuna mama wa Kasingirima anayetia kilo mbili za mchele mdomoni kwa dakika tano.

Binti yake Shadia, wa miaka tisa, alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa nyuma ya meza. Siku kumi na nne alikuwa akizitazama zile zabibu. "Mama, na mimi," alisema.

Fatu akampa kichala. Hamdani akanyoosha mkono akakitwaa. "Mtoto asile mtaji," alisema akicheka. "Nitamnunulia soda."

"Mama Shadia," alisema Rozalia kwa sauti ya chini. "Mtoto, hapana. Nakuomba."

Laiti Rozalia asingesema, pengine Fatu angekubali ile soda. Lakini kuombewa huruma na mtu anayekutuhumu ni tusi la aina yake. Alikichukua kichala mkononi mwa ndugu yake, akamrudishia binti.

"Kula, mwanangu. Kula watu wakuone."

Shadia alikula kwa haraka, kama anayeogopa watu wazima watabadili mawazo, mpaka kikabaki kijiti kitupu. Watu wakacheka. Muuza nyanya akapiga makofi. Rozalia alifunika kontena lake, akasema analipeleka kwa bwana afya, akaondoka na mdogo wake. Hamdani alisimama kidogo, akifungua na kufunga mdomo wa mfuko wake. Kisha akasema bajaji inamsubiri.

* * *

Kabla ya adhuhuri Fatu aliona ukungu machoni. Alidhani ni jua. Jasho likamtoka kama mtu aliyemwagiwa maji, mate yakamjaa mdomoni, akainama kutapika kando ya mfereji. Alipogeuka kumtafuta Shadia alimkuta ameanguka pembeni ya ndoo, miguu inarukaruka na povu mdomoni. Muuza nyanya, yuleyule aliyepiga makofi, ndiye aliyembeba mtoto akikimbia hadi barabarani.

Fatu alipopata fahamu sawasawa ilikuwa Jumapili alasiri. Mumewe, Abdulkarimu, fundi cherehani wa Kasingirima, alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao kati ya vitanda viwili. Katika kitanda cha pili alilala Shadia, mkono umefungwa dripu, midomo imemkauka, lakini anapumua.

"Yu hai," Abdulkarimu alisema upesi, kabla hajaulizwa. "Wamempiga sindano nyingi. Atropini, wanaiita. Usiku mzima walikuwa wanamtazama mboni za macho. Zilikuwa zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini."

Fatu akalia. Muuguzi mmoja alikuja akasimama miguuni pa kitanda na kumweleza taratibu. Ile dawa ya wadudu haipakwi tu juu ya tunda. Mti unainywa, nayo inaingia mpaka ndani ya nyama ya tunda. Maji wala chumvi havisaidii. Imeshapigwa marufuku hapa nchini. Kichala kimoja kinaweza kuwa nayo kidogo na cha pembeni kikawa nayo nyingi, ndiyo maana si kila mnunuzi alianguka. Watu watatu wengine walikuwa wamekuja kwa kuhara na kutapika, wakatibiwa wakarudi nyumbani.

"Na mzee wa Mwalimu Rozalia?"

Muuguzi alirekebisha dripu. "Amefariki leo asubuhi."

Fatu alifunika uso kwa shuka. Ilikuwa shuka mpya, yenye maua. Alipoishika vizuri aligundua kwamba si ya hospitali.

"Ni za shemeji," Abdulkarimu alisema. "Hamdani ameleta shuka, beseni, thermosi, kila kitu. Amelipa gharama zote. Alikuja jana jioni akalipa mpaka za kesho. Mimi nilikuwa na elfu kumi na mbili mfukoni, Fatu. Nilikuwa nimesimama dirishani nazihesabu mara ya tatu mbele ya yule dada wa malipo, shemeji akanitoa aibu."

"Mungu amzidishie," alisema Fatu, na alisema kwa moyo wote. Kisha akamshika mumewe mkono. "Mwambie awe mwangalifu na hao watu wake wa kusini. Wamemuuzia sumu. Masikini, na yeye hajui."

Abdulkarimu aliitikia kwa kichwa, akaendelea kumpepea mtoto kwa gazeti.

* * *

Jumatatu asubuhi alikuja Asia, mke wa Hamdani, amebeba uji kwenye chupa. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, asiyeweza kukaa dakika mbili bila kuongea. Siku hiyo alikaa kimya ukingoni mwa kitanda cha Shadia, akimpangusa mtoto paji la uso kwa ncha ya mtandio. Kisha machozi yakaanza kumtoka.

"Wifi," alisema, "najua sina haki ya kusema. Lakini mtoto? Kuwauzia watu, haya, maisha magumu, sote tunajua. Lakini kumpa mtoto wako mwenyewe?"

Fatu alidhani hakusikia vizuri. "Unasemaje, Asia?"

"Sikulaumu. Nauliza tu ulipatwa na nini. Sisi nyumbani Hamdani alitukataza kabisa. Yale maboksi yalipita kwangu siku moja tu kabla ya kuletwa kwenu, na alinisimamia nisimpe hata mtoto wa jirani. Kitinda mimba wangu alichukua punje moja, baba yake akamtia kidole mdomoni mpaka akaitapika."

Fatu alijiinua kwa kiwiko. "Alikukataza lini?"

"Siku ileile mzigo uliporudi. Baada ya kipimo." Asia alimtazama wifi yake, na uso wake ukaanza kubadilika. "Wifi. Ina maana hakukwambia?"

Asia akaweka mkono mdomoni, lakini maneno yalikuwa yameshatoka na mengine yakayafuata. Mzigo ulizuiwa na watu wa afya. Ulipimwa ukakutwa na dawa iliyokatazwa, ikaandikwa uchomwe moto wote. Pesa zote za Hamdani zilikuwa humo, na za Asia za kikundi cha akina mama pia. Hamdani aliomba auchome mwenyewe kwa gharama zake. Maboksi yaliyoingia shimoni mengi yalijazwa majani makavu ya migomba.

"Mimi nilijua mmepanga pamoja," Asia alisema akilia. "Aliniambia dada anajua, dada atawauzia wapita njia. Wallahi, wifi, nilidhani unajua. Nilikuchukia wiki mbili nzima."

"Jumamosi alikuwa amefunga," alisema Fatu. Hakuwa anauliza. Alilisema kama mtu anayeshika ukuta gizani.

"Nani?"

"Hamdani."

"Amefunga?" Asia alishangaa. "Asubuhi ile nilimwandalia chai na maandazi. Alikula manne."

* * *

Hamdani hakuja peke yake. Alikuja jioni ya Jumanne na mama yao, Bi Kashindi, ambaye aliishi na Fatu Kasingirima na ambaye maboksi ya zabibu yalilala chumbani kwake, chini ya kitanda, kwa kuwa palikuwa na ubaridi. Bibi alimbusu Shadia, akasoma dua, akakaa. Hamdani alibaki amesimama. Alijua kwamba Asia ameshasema. Ilionekana kwa jinsi alivyoshika chuma cha kitanda.

"Dada, nimekosa," alianza. "Sina la kujitetea. Lakini sikudhani zingefanya hivi. Wanasema marufuku, marufuku, kila kitu siku hizi ni marufuku. Mbona huko zilikotoka watu wanakula?"

"Mbona watoto wako hawakula?"

Hamdani alisogea karibu na kitanda. "Sikiliza. Bwana afya atakuja kukuuliza. Karatasi hakuna kati yangu na wewe. Sema ulinunua kwa mtu wa boti pale Kibirizi, humjui, amekwenda zake. Watakufungia meza mwezi mmoja, labda faini. Faini nalipa mimi. Nikifungwa mimi, nani atakulipia hospitali? Nani atamsaidia mama?"

Abdulkarimu alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Fatu alimgeukia. "Baba Shadia, unasikia?"

Fundi alijikuna magoti. Shuka, dawa, chakula cha siku nne, vyote vilikuwa mbele yake. "Mzee wa watu ameshakufa," alisema mwisho, bila kumtazama mtu. "Hata ukisema, hatarudi."

Ndipo Bi Kashindi alipofungua mdomo. "Mwanangu, Hamdani alipitiwa. Pale sokoni alipigwa na butwaa tu, ulimi ukamkwama. Ingekuwa wewe umekosa, ningemwomba yeye hivihivi. Mtoto wako Mungu amekurudishia. Na wewe nirudishie wangu."

"Mama, aliniangalia nikila."

"Alipigwa na butwaa."

"Alimnyang'anya Shadia kichala. Butwaa gani inayonyoosha mkono?"

Bibi alivuta mtandio wake mbele. "Wakiniuliza mimi," alisema, "nitasema sikuona boksi hata moja chumbani kwangu."

* * *

Waliruhusiwa Jumatano. Fatu alimlaza Shadia nyumbani, akamwomba jirani amtazame, akavaa kanga nyeusi na kwenda Buzebazeba, kwenye matanga ya Mzee Telesphory. Miguu ilikuwa bado haina nguvu. Alipumzika mara mbili njiani.

Uani kulikuwa na turubai na wanawake wakimenya ndizi. Mtu mmoja alimtambua, na minong'ono ikapita kutoka mkeka hadi mkeka. Hakuna aliyemsogezea kiti. Thobias alitoka ndani, akamwona, akasema kwa sauti watu wote wasikie, "Huyu ndiye." Hakumfukuza. Alisema hayo mawili tu, akasimama mlangoni kama aliyeziba njia.

Rozalia alitoka jikoni, mikono ina majivu. Walisalimiana. Fatu alikuwa amepanga maneno ya pole, na yote yakampotea.

"Mwalimu, nimekuja kukupa jibu la swali lako. Uliniuliza nimezitoa wapi. Alizileta ndugu yangu, Hamdani. Mzigo ulikuwa umekataliwa, ukaamriwa uchomwe, naye alijua. Mimi sikujua. Sikuombi uniamini."

Rozalia alimtazama usoni. Alikuwa mwembamba kuliko siku ile ya sokoni. "Mtoto wako?"

"Amepona. Bado anatetemeka mikono akishika kikombe."

"Nilikuomba usimpe."

"Uliniomba."

Kilikuwa kitu kigumu kukisema, na kigumu zaidi kukisikia mbele ya wanawake thelathini. Rozalia alinawa majivu, akachukua mtandio kwenye kamba. "Twende kwa bwana afya sasa hivi," alisema. "Ukaseme hayohayo, kabla hujafika nyumbani kwenu na kushauriwa."

Bwana afya, Dismasi, alikuwa na lile kontena la Rozalia kwenye friji ya ofisini, na majibu ya awali ya kipimo yameshafika. Aliposikia jina la Hamdani alifungua faili, akatoa karatasi: mzigo wa zabibu, maboksi arobaini, umeteketezwa kwa moto, na chini yake sahihi mbili. Moja ilikuwa ya Hamdani. Nyingine ilikuwa yake mwenyewe, Dismasi.

"Ulihesabu maboksi yote?" Rozalia aliuliza, kwa sauti ya mwalimu.

"Niliyahesabu."

"Ulifungua yote?"

Dismasi alivua miwani. "Nilifungua matatu ya juu, mwalimu. Tukamwaga mafuta ya taa, tukawasha. Ilikuwa inakaribia saa tisa, na gari lilikuwa linasubiriwa Kidahwe." Kisha akachukua karatasi nyeupe, akaandika maelezo ya Fatu neno kwa neno. Alipomaliza akaandika na ya kwake.

* * *

Polisi walimchukua Hamdani Alhamisi asubuhi. Siku hiyohiyo Bi Kashindi alifunga nguo zake kwenye shuka. Fatu alimkuta sebuleni, mzigo uko miguuni, amekaa wima kama mgeni.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kwa mkwe wangu. Ana watoto wadogo, na mume hayupo."

"Na mimi nina mgonjwa."

"Wewe una Serikali," alisema mama. Akabeba mzigo wake mwenyewe hadi njiani, akakataa kusaidiwa.

Siku zile Abdulkarimu hakutoka kwenye cherehani. Alishona sare za shule, pedali ikilia toka asubuhi. Jioni ya Ijumaa alizifua zile shuka za maua, akazipiga pasi, akazikunja vizuri. Alimwomba kijana wa bajaji azirudishe Kibirizi. Fatu alimwona akifanya hayo na hakumuuliza. Sokoni meza yake ilikuwa imezungushiwa mkanda wa kuzuia watu. Alipokwenda kuchukua mizani, muuza nyanya alimsalimia bila kuinua macho, na wateja wake wawili wa zamani walipita upande wa pili.

Jumanne iliyofuata aliviona vidonge vya presha vya mama yake juu ya kabati. Alivitazama mpaka mchana. Mwisho alimshika Shadia mkono wakapanda bajaji kwenda Kibirizi.

Hamdani alikuwa ameshatoka kwa dhamana. Alikuwa amekaa barazani kwake, hana viatu, ndevu zimeota. Mama yake alikuwa kwenye mkeka pembeni akichambua mchele. Hamdani alisimama.

"Shikamoo, dada."

Fatu hakuitikia. Majirani wawili waliokuwa wakianika dagaa waligeuka kutazama.

"Mwitikie mdogo wako," alisema Bi Kashindi.

Fatu alimpita, akainama, akaweka pakiti ya vidonge kwenye ungo. "Mama, kimoja asubuhi, kimoja jioni. Usiviruke, unajua kichwa chako." Kisha akamgeukia ndugu yake. Hakuwa amepanga kumsemesha. "Nina swali moja. Mahakamani wataniuliza mimi, sitapata nafasi ya kukuuliza wewe. Pale sokoni, nilipokuwa natafuna, ulikuwa unawaza nini?"

Hamdani alimtazama mama yake, akatazama vidole vya miguu yake.

"Nilikuwa nahesabu," alisema.

"Unahesabu nini?"

"Punje. Ulipofika ya kumi nikasema moyoni, kumi haziui mtu mzima. Ukaacha kwenye ya kumi na nne. Nikaona haina neno."

Wale wa dagaa walikuwa wameacha kazi yao kabisa. Shadia alikuwa amesimama karibu na mama yake, ameshika ncha ya kanga.

"Na huyu?" Fatu aliuliza.

Hamdani alimtazama mtoto. "Yeye alikuwa anakula haraka," alisema. "Nilishindwa kumhesabu."

Fatu aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa chenji yake kamili. Akamshika binti yake mkono, wakashuka barazani, wakaanza kupanda njia ya mchanga kuelekea barabarani.

Nyuma yao ungo ulianguka. "Ulikuwa unahesabu?" ilisikika sauti ya Bi Kashindi. "Hamdani, baba. Ulikuwa unahesabu?"